Mipira 40 ya Nairobi, mipira 40 ya Lord's: kisa cha Shahid Afridi

Gongo aliloingia nalo uwanjani siku ile halikuwa lake. Lilikuwa la Sachin Tendulkar, mpigaji nyota wa India. Afridi mwenyewe amelisimulia jambo hili: Tendulkar alimpa Waqar Younis, mrushaji wa Pakistan, gongo lake alipeleke Sialkot, mji wa Pakistan wenye mafundi hodari wa vifaa vya michezo, wamchongee jingine la kufanana nalo. Kabla halijafika kwa mafundi, Waqar akamkabidhi kijana mgeni wa timu akapigie. Kijana huyo alikuwa hajapata zamu ya kupiga hata mara moja katika kriketi ya kimataifa.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana. Pakistan na Sri Lanka. Ulipofika mpira wa 37 tangu ashike zamu, kijana alikuwa amekwisha kufikisha mikimbio mia, yaani alama mia, na mia ya haraka kiasi kile ilikuwa haijawahi kuonekana katika mechi za siku moja popote duniani.

Nimekichagua kisa hiki kwanza kwa sababu kilitokea hapa kwetu, na wengi wanaupita uwanja ule kila siku bila kujua ulichoshuhudia. Lakini sababu kubwa ni kwamba naona kimekuwa kikisimuliwa nusu. Kinasimuliwa kama siku alipozaliwa mpigaji wa ajabu. Mimi naamini asubuhi ile ilimpa Shahid Afridi jina, na jina hilo likamfunika mchezaji bora zaidi aliyekuwa ndani yake.

Aliitwa kurusha, si kupiga

Shirikisho la kriketi la Kenya lilikuwa likiadhimisha miaka 100 ya mchezo huo nchini, likaandaa mashindano ya timu nne: Kenya, Pakistan, Sri Lanka na Afrika Kusini. Kwa Wakenya ulikuwa mwaka wa furaha. Miezi saba tu kabla, tarehe 29 Februari huko Pune, kwenye Kombe la Dunia, timu ya Kenya iliyofunga mikimbio 166 pekee iliibwaga West Indies kwa kuitoa yote kwa 93. Sri Lanka nao walikuja Nairobi wakiwa mabingwa wa dunia.

Pakistan walikuwa na pengo. Mrushaji wao wa spini, yaani wa mipira ya kusokota, Mushtaq Ahmed, aliumia, na mbadala aliyetafutwa alikuwa kijana wa timu ya chini ya miaka 19 aliyekuwa ziarani West Indies. Akasafirishwa hadi Nairobi kujaza nafasi ya mrushaji. Hilo ndilo watu wanalolisahau. Hakuna aliyemwita Afridi Nairobi kwa ajili ya gongo. Tarehe 2 Oktoba alicheza mechi yake ya kwanza, dhidi ya Kenya, akarusha bila kupata wiketi, yaani bila kumtoa mpigaji hata mmoja, na zamu ya kupiga haikumfikia.

Siku mbili baadaye wakampandisha kuwa mpigaji wa tatu. Sababu yake inaeleweka ukikumbuka hali ya kriketi ya mwaka ule. Sheria ilimzuia nahodha kuweka wachezaji zaidi ya wawili nje ya duara la katikati ya uwanja kwa ova 15 za mwanzo (ova moja ni mipira sita), na Sri Lanka walikuwa wamewafunza wote namna ya kuitumia nafasi hiyo: badala ya kuanza taratibu na kulinda wiketi, walishambulia tangu mpira wa kwanza. Aliyewaongoza katika hilo ni Sanath Jayasuriya, ambaye mwezi Aprili mwaka huohuo, kule Singapore, alifikisha mia kwa mipira 48 dhidi ya hawahawa Pakistan. Hiyo ndiyo iliyokuwa rekodi. Pakistan walitaka mtu wa kuwalipa Sri Lanka kwa sarafu yao, na mazoezini walikuwa wamemwona kijana huyu akipeleka mipira mbali.

Alichofanya kinapendeza zaidi ukikihesabu. Alipiga mipira 40 akatoka na mikimbio 102. Ndani yake kuna sita 11, yaani mipira iliyovuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, na nne 6, iliyovuka ikiwa imegusa chini. Zidisha: sita zinaleta 66, nne zinaleta 24, jumla 90. Maana yake, mipira 17 ilizaa 90, na ile 23 iliyobaki ilizaa mikimbio 12 tu ya kukimbia kwa miguu. Ama mpira ulitoka nje ya uwanja, ama haukutokea jambo. Jayasuriya, mwenye rekodi, alikuwa miongoni mwa warushaji walioadhibiwa. Ova zake 10 za siku hiyo zilimgharimu mikimbio 94. Rekodi yake ilivunjwa naye akiwa uwanjani anatazama.

Saeed Anwar naye alipiga 115, Pakistan wakafika 371 kwa wiketi 9. Aravinda de Silva alijibu kwa 122 za kiungwana, lakini Sri Lanka waliishia 289. Leo ni nani anayezikumbuka zamu mbili hizo nyingine za mia?

Mpira wa tenisi na utepe mweusi

Watu hupenda kusema ni bahati, au ni Nairobi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira ukipigwa vizuri husafiri mbali kuliko Mombasa au Karachi. Ni kweli. Lakini hewa ileile waliivuta wapigaji wengine wote wa mashindano yale, na hakuna aliyefanya vile.

Jibu langu liko mitaa ya Karachi, alikokulia. Wazazi wake ni Wapashtuni wa kabila la Afridi, kutoka Khyber mpakani na Afghanistan, lakini kriketi aliifunzwa na jiji. Huko vijana huchukua mpira wa tenisi wakauzungushia utepe wa fundi umeme, safu juu ya safu, hadi uwe mgumu na mzito. Aliyewahi kuufunga anajua: ukiuvuta utepe kwa nguvu mpira unakuwa kama jiwe dogo linaloteleza, ukiulegeza unabaki na uvimbe upande mmoja, na huo ndio unaotia pinda hewani. Mechi ni za ova chache, uwanja ni barabara au kiwanja cha vumbi kati ya nyumba, na zamu yako inaweza kuwa mipira mitano tu kabla giza halijaingia. Katika mchezo huo hakuna mtu anayekufundisha kuacha mpira upite. Unaweka mguu wa mbele kando, unafungua mikono, unapiga.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema alipiga ovyo. Alipiga jinsi alivyofunzwa na mtaa, mbele ya warushaji ambao walikuwa hawajakutana na mtaa ule. Kriketi ya kimataifa ya ova 20 kwa wanaume, ile fupi ya kushambulia, ilianza 2005. Afridi aliicheza Nairobi zaidi ya miaka minane kabla.

Jina linapomtangulia mtu

Kwa kumbukumbu rasmi alikuwa na miaka 16 na siku 217, mdogo kuliko wote waliowahi kufunga mia katika mechi za siku moja. Umri huo ulikuja kuwa mzozo. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2019 alisema alizaliwa 1975, si 1980 kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Hesabu hiyo inampa miaka 21 pale Nairobi, ingawa kitabu hichohicho kinasema alikuwa na 19. Mimi suala hili halinipunguzii chochote kwenye zile sita 11, maana mpira haujui cheti cha kuzaliwa. Lakini linaonyesha jinsi hadithi ilivyokua haraka kuliko mwenyewe: dunia ilitaka mtoto wa miujiza, na ikampata.

Kutoka hapo akaitwa Boom Boom. Nyumbani wanamwita Lala, ambalo kwa Kipashto ni kaka mkubwa. Yakaja matangazo ya biashara, nywele ndefu, na ule mkao wake baada ya kupata wiketi: miguu imepanuliwa, mikono miwili juu, vidole vimenyooka angani, akisubiri wenzake wamfikie. Na ikaja sauti ya viwanjani. Kila aliposhika zamu, iwe Karachi, Sharjah au Birmingham, watu walisimama kabla hajapiga mpira hata mmoja. Akitoka kwa mikimbio minne, nusu ya watu nao walitoka.

Fikiria kufanya kazi namna hiyo kwa miaka 20. Mpigaji wa kawaida huingia, akatazama pichi, ule ukanda mpira unapodundia, akala mipira kumi ya kwanza kwa mkimbio mmojammoja. Yeye kila mpira alioupisha ulionekana ni usaliti. Mia yake ya pili katika mechi za siku moja ilikuja Septemba 1998 kule Toronto, karibu miaka miwili baada ya Nairobi. Katika mechi 398 alifikisha mia mara sita tu, na wastani wake ni 23.57 kwa kila zamu. Sita alizopiga ni 351, na alipostaafu mechi za siku moja mwaka 2015 hapakuwa na binadamu aliyepiga nyingi zaidi.

Takwimu ambazo hazisimuliwi

Sasa geuza ukurasa. Katika mechi hizohizo 398 alichukua wiketi 395. Karibu wiketi moja kila mechi, kwa miaka 19. Huyo si mpigaji anayerusha kidogo kumsaidia nahodha. Huyo ni mrushaji.

Na alikuwa mrushaji wa aina yake. Legi-spini hushikwa kwa vidole viwili vya kwanza juu ya mshono, kidole cha pete kikiwa kimekunjwa ubavuni mwa mpira. Kiganja kinapogeuka mpira ukitoka mkononi, cha pete ndicho kinachousokota. Warushaji wengi wa namna hiyo hutembea hatua chache na kuurusha mpira juu taratibu, wakimwalika mpigaji. Afridi alikuja mbio, akirukaruka, akaurusha bapa na kwa haraka, hivyo mpigaji hakupata muda wa kutoka nje ya mstari wake. Halafu, bila kubadilisha mwendo, alitoa mpira mmoja wenye kasi ya mrushaji wa kasi kabisa. Vijiti anavyovilinda mpigaji vilianguka gongo likiwa bado hewani.

Mechi yake ya kwanza ya Testi, ile kriketi ya siku tano, dhidi ya Australia kule Karachi mwaka 1998, alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 52. Tarehe 14 Julai 2013 kule Guyana, dhidi ya West Indies, alichukua 7 kwa mikimbio 12, siku hiyohiyo akiwa amepiga 76. Kombe la Dunia la 2011, akiwa nahodha, alimaliza na wiketi 21, sawa na Zaheer Khan wa India, na hakuna aliyewazidi.

Lakini kinachoniuma ni Testi. Mechi ya siku tano inataka subira, na kila mtu aliamini Afridi hana subira. Januari 1999 kule Chennai, dhidi ya India, katika mechi ambayo Pakistan walishinda kwa mikimbio 12 tu, alipiga 141. Mipira 191. Aliketi pale, akaacha ya kuacha, akapiga ya kupiga, kwenye pichi ambayo wenzake walikuwa wakitoka mmoja baada ya mwingine. Katika Testi 27 wastani wake wa kupiga ni 36.51, juu sana kuliko ule wa mechi za siku moja, na alifikisha mia mara tano. Yaani alikaribia idadi ya mia za maisha yake yote ya siku moja kwa sehemu ndogo tu ya mechi.

Kisha akaiacha. Julai 2010 alirudishwa kwenye Testi kama nahodha dhidi ya Australia katika uwanja wa Lord's, London, baada ya kukaa nje tangu 2006. Akapiga 31 kwa mipira 15, na katika zamu ya pili, timu ikihitaji nahodha wa kuketi, akaupeleka mpira juu, ukadakwa mbali. Pakistan wakashindwa, naye akatangaza palepale kwamba Testi basi. Nimeitazama picha ya mpira ule mara nyingi. Naona mtu anayecheza kwa ajili ya watu wanaotaka kuona Nairobi.

Sifichi madoa. Faisalabad, Novemba 2005, mtungi wa gesi ulilipuka uwanjani; watu wote walipogeuka kutazama, yeye alisokota kiatu juu ya pichi ili aichimbue. Alifungiwa Testi moja na mechi mbili za siku moja. Perth, Januari 2010, akiwa anashika unahodha, kamera zilimnasa akiung'ata mpira. Akafungiwa mechi mbili za ova 20. Hayo ni makosa yake, na kwa mtu anayeombwa na watoto sahihi kila anapokwenda, ni makosa yenye uzito.

Mipira 40 mingine

Tarehe 3 Machi 2009 watu wenye silaha walilishambulia basi la timu ya Sri Lanka mjini Lahore. Wachezaji walijeruhiwa, polisi waliokuwa wakiwalinda waliuawa, na kriketi ya kimataifa ikaikimbia Pakistan kwa miaka. Miezi mitatu baadaye, timu hizohizo mbili zilikutana kwenye fainali ya Kombe la Dunia la ova 20, uwanja wa Lord's, London, tarehe 21 Juni.

Miaka miwili kabla, kwenye fainali ya kwanza ya kombe hilo, Afridi alitoka kwa mpira wake wa kwanza kabisa, naye akijaribu kuupeleka mbali. Pakistan wakashindwa na India kwa mikimbio 5. Alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano, ambayo aliipata zaidi kwa wiketi zake 12, lakini mpira ule mmoja ndio watu walioondoka nao.

Safari hii alipandishwa tena kuwa mpigaji wa tatu, nafasi ileile ya Nairobi. Kwenye nusu fainali dhidi ya Afrika Kusini alipiga 51 kwa mipira 34, kisha akawang'oa Herschelle Gibbs na AB de Villiers, wote kwa kuwaangushia vijiti. Katika fainali Sri Lanka walifunga 138. Jayasuriya alikuwepo, Muthiah Muralitharan alikuwepo, watu wawili waliokuwepo pia siku ile ya Gymkhana.

Afridi alipiga mipira 40. Idadi ileile. Akamaliza na 54, hajatoka. Sita zilikuwa mbili na nne zilikuwa mbili. Mikimbio 20 ilitoka nje ya uwanja. 34 aliikimbia kwa miguu yake, mmoja, miwili, mmoja, huku akiutazama ubao wa matokeo. Nairobi alikimbia 12. Lord's alikimbia 34. Pakistan wakashinda kwa wiketi 8, nchi isiyoweza hata kukaribisha wageni nyumbani ikawa bingwa wa dunia, na Afridi akawa mchezaji bora wa mechi zote mbili za mwisho.

Huyo ndiye mchezaji ninayemtaja kumjibu mtu yeyote anayesema kwamba mgema alisifiwa, tembo akalitia maji. Methali hiyo anatupiwa Afridi kila mara, na siikubali. Mgema wa methali alilegea kwa sababu ya sifa. Huyu hakulegea, alishikiliwa na sifa ya aina moja tu, na kila alipoleta tembo la aina nyingine wanywaji walisusa. Baada ya Lord's, uliza mtu yeyote mtaani amtaje Afridi kwa siku moja. Atakutajia Nairobi, mipira 37.

Rekodi ile ilidumu miaka 17. Tarehe 1 Januari 2014 Corey Anderson alifikisha mia kwa mipira 36 kule Queenstown, New Zealand, na mwaka mmoja baadaye De Villiers akaishusha hadi 31 kule Johannesburg. Mwezi uleule wa Januari 2014, hukohuko New Zealand, Kenya walishindwa kwenye mchujo wa Kombe la Dunia wakapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Gymkhana ikapoteza rekodi yake na nafasi ya kuona nyingine ndani ya mwezi mmoja. Nililisoma hilo kwa uchungu ambao si rahisi kumweleza asiyependa kriketi.

Kuna mechi moja zaidi ambayo naiweka ndani ya kisa hiki, ingawa sijaona wengine wakiiweka. Tarehe 23 Februari 2011, Hambantota, Sri Lanka, Kombe la Dunia. Pakistan wamefunga 317, na wapinzani wao ni Kenya. Afridi ni nahodha. Hakuna anayemtarajia afanye lolote kwa gongo. Mechi imekwisha kuelemea upande wake. Anauchukua mpira, anakuja mbio akirukaruka, bapa, haraka. Wakenya wanaanguka mmoja baada ya mwingine, wote wanatoka kwa 112, na yeye anamaliza na wiketi 5 kwa mikimbio 16. Ndiyo kazi aliyopandishwa ndege kuja kuifanya Nairobi, miaka 14 nyuma, dhidi ya timu hiihii.